Bata Kaliona Yai Lake

Mwanamume mwenye masharubu kama ya Shazli hakustahili kuitwa Bata. Masharubu yale yanatangulia kuingia mlangoni, mwenyewe anafuata nyuma kama mgeni. Lakini njoo Qift leo uulizie kwa Shazli mwana wa Abdul-Basir: watu watakutazama, watakuna vichwa, mwisho watakuuliza kama una uhakika umeshuka kituo sahihi. Ulizia kwa Bata. Hata mbuzi watakuonyesha njia.

Na jina lenyewe, huku kwetu, si la ndege peke yake. Bata ni jina ambalo mwanamume anamnong'oneza mke wake aliyejaaliwa, watoto wakishalala. "Sogea basi, Bata wangu." Sasa lichukue jina hilo umbandike bonge la jamaa, mchimbaji, mjukuu wa wachimbaji, kanzu imejaa vumbi la Mafarao, tena sokoni, mbele ya muuza vitunguu. Na jamaa anaitika. Anaitika kwa sababu alishachoka kutoitika.

Ilianzaje? Ilianza kwa kujishaua, kama mengi.

Mtu wa Qift anajua udongo kabla hajajua kufunga viatu. Zamani za mababu alikuja Mwingereza mmoja kuchimba vitu vya kale, akawachukua vijana wa kwetu akawafundisha kutofautisha udongo ulioguswa na ambao haujaguswa, na kuuona ukuta wa tofali mbichi hata kama umesharudi kuwa tope. Vijana wakanogewa, wakawafundisha watoto wao, na toka hapo kila anayetaka kuchimba Misri, awe Mjerumani, Mpolandi au msomi wetu wa Kairo, anatuma salamu Qift kwanza. Kiongozi wa wachimbaji tunamwita rais. Si rais wa ikulu. Huyu hana msafara wala king'ora. Ana fimbo na sauti, basi. Akisema shukeni, mnashuka. Akisema simama, hata nzi anasimama.

Babu yake Shazli alikuwa rais. Baba yake alikuwa rais mpaka siku anafariki. Fimbo ikaenda kwa ami yake, Rais Qinawi, mzee mfupi, mkali, anayekunywa chai yenye sukari ya kusimamisha kijiko. Na Shazli tangu akiwa na meno ya utoto alitaka kitu kimoja tu katika dunia hii ya Mungu: aitwe Rais Shazli.

Badala yake kukatokea ile siku ya wageni.

Ilikuwa mwisho wa msimu pale Kom Tirsa, kilima kikubwa chenye hekalu lililobomoka ndani yake. Daktari Inshirah, mama wa Kairo aliyekuwa bosi wa uchimbaji, aliwaalika wanakijiji waje na familia zao waone kilichotoka ardhini. Watu wakaja wamependeza kama wanaenda arusini. Kati yao alikuwemo Haji Dahi, mwenye kiwanda cha asali ya miwa, na bintiye Nawara. Shazli alikuwa anampenda Nawara kiasi kwamba akimwona tu anasahau mkono upi umeshika mwiko.

Haji Dahi akasimama mbele ya nguzo, akanyoosha kidole. "Hapa pameandikwa nini?"

Daktari Inshirah alikuwa kule mbali anaongea na simu. Mtu mwenye akili angesema, ngoja Daktari arudi. Shazli akakohoa, akaweka sawa kilemba, akasema, "Nitakusomea mimi, Haji."

Nubi, binamu yake, alikuwa pembeni. Huyu Nubi ndiye mwimbaji wa arusi zote za Qift, mtu mwenye sauti ya asali na roho ya pilipili. Kusikia "nitakusomea" tu, simu ikatoka mfukoni, ikaanza kurekodi.

Pale juu ya jina la mfalme kulikuwa na picha ya bata, na juu ya mgongo wake duara. Shazli akapitisha kidole hewani taratibu, kama maprofesa anavyowaonaga. "Bata," akasoma. Akanyamaza kidogo, kwa uzito. "Kaliona yai lake."

Haji Dahi akatikisa kichwa kwa heshima. "Subhanallah. Halafu?"

"Halafu wanaendelea na mambo mengine."

"Mambo gani?"

"Ya kifalme, Haji. Marefu."

Hapo Daktari akarudi, na Nubi, kwa upole ambao hajawahi kuwa nao tena maishani, akamuuliza, "Daktari, samahani, tulikuwa tunauliza kama yule bata alilipata yai."

"Yai lipi?" Daktari akaangalia nguzo. "Aah, hapo. Hilo si yai, ni jua. Na bata hapo anasomeka 'mwana'. Mwana wa Jua. Ni cheo cha mfalme."

Upepo ukapita. Haji Dahi akamtazama Shazli, Shazli akaitazama nguzo kama vile nguzo ndiyo iliyomsaliti.

Halafu Nubi, pole pole, kwa ile sauti ya asali: "Kwaa."

Na hapo ndipo jina lilipozaliwa. Kabla vumbi la wageni halijatulia, video ilishafika kundi la WhatsApp la wachimbaji. Kundi lilikuwa linaitwa Wanaume wa Udongo. Likabadilishwa jina kuwa Yai la Bata, na mpaka leo hakuna aliyekiri kulibadilisha. Zikaja stika. Bata mwenye kilemba. Bata mwenye masharubu. Bata ameshika mwiko, anaangalia jua, chini imeandikwa, "Halafu wanaendelea na mambo mengine." Binamu zetu walioko Kuwait wakazipokea, wakazirudisha zikiwa na muziki.

Nawara alikubali kuolewa naye hata hivyo. Dada zake walipomuuliza umepatwa na nini, akasema, "Huyu kanichekesha kabla ya ndoa. Nyie mnasubiri nini wenu waanze?" Na Haji Dahi alikubali kwa hoja moja tu: kijana hajui kusoma, lawama hiyo ipo, lakini alivyodanganya hakutetemeka hata kidogo, na biashara inahitaji watu wa hivyo.

Usiku wa arusi, desturi yetu, mama wa bibi arusi anawapikia maharusi chakula chao cha kwanza, na chakula chenyewe ni bata. Mnono, kajazwa mchele na vitunguu, kabanikwa mpaka kang'aa. Duniani watu kibao wanatamani kula bata. Shazli aliletewa bata kwenye sinia, akibebwa na shemeji zake juu ya vichwa, na nyuma yao arusi nzima inaimba kwaa kwaa, Nubi kwenye kipaza sauti akitangaza, "Waheshimiwa, leo Bata anakula bata. Huyu si bwana harusi tena, huyu ni mla watu."

Shazli akala. Alikuwa na njaa, na bata alikuwa mtamu.

Lakini alikuwa na mpango. Kwetu mwanamume akipata mtoto wa kiume, jina lake linafunikwa. Anakuwa Abu Fulani na kila mtu lazima aheshimu. Kwa hiyo Nawara alipojifungua dume, Shazli hakuchagua jina, alichagua silaha. Mtoto akaitwa Asad, yaani Simba. Abu Asad. Baba Simba. Nani atathubutu?

Siku ya saba ikafika, tukafanya sebua, sherehe ya mtoto kutimiza wiki. Mtoto akawekwa kwenye chekecheke, akatikiswa taratibu, na bibi yake, yaani mkwe wa Shazli, akachukua kinu cha shaba akawa anakigonga karibu na masikio yake akimpa wosia ule ambao kila mtoto Misri anapewa: "Msikilize mama yako. Usimsikilize baba yako." Kawaida wosia unaishia hapo. Mama mkwe akagonga kinu mara nyingine. "Hasa akianza kusoma."

Chumba kizima chini. Mkunga mwenyewe alikaa sakafuni.

Toka siku ile hakuna aliyesema Abu Asad. Walisema, Bata kazaa simba, tumwombee mama wa mtoto. Na pigo la mwisho likaja kutoka kwa Asad mwenyewe. Nawara anafuga bata juu ya paa, kama kila mwanamke wa mtaa wetu, na mtoto alikuwa anashinda nao huko. Siku ya kwanza anafungua mdomo kusema neno la binadamu, baba yake kapiga magoti mbele yake, mikono wazi, machozi karibu, mtoto akamshika masharubu, akamwangalia usoni vizuri, akasema, "Bata."

Daktari Inshirah, kusema haki, aliona huruma. Msimu uliofuata alimkuta Shazli anasafisha kipande cha ukuta chenye picha hiyohiyo, bata na duara, huku anakitazama kama mdeni wake.

"Shazli, unajua hilo kosa lako lina ukoo?" akamwambia. "Kabla Mfaransa mmoja hajavunja fumbo la maandishi haya, wasomi wa Ulaya walihangaika nayo mamia ya miaka. Walikuwa wanafanya ulivyofanya wewe. Wanaona picha, wanasoma picha. Kuna aliyeandika zamani sana kwamba bata maana yake ni mwana kwa sababu bata anawapenda wanawe kupita ndege wote."

"Si kumbe alipata?"

"Alipata jibu, akakosa sababu. Bata yupo pale kwa ajili ya sauti yake tu. Jina la yule bata na neno 'mwana' kwao vilitamkika karibu sawa. Basi wakamchora bata."

Shazli akafikiria. "Kwa hiyo hao wasomi nao waliitwa Bata?"

"Hapana," Daktari akasema. "Wao waliitwa maprofesa."

Ilimpoza, lakini haikumsaidia. Huwezi kwenda sokoni ukamweleza muuza vitunguu historia ya wasomi wa Ulaya.

Sasa tuingie penyewe. Msimu wa juzi goti la Rais Qinawi likagoma. Akawa anashuka shimoni kwa kubebwa, anapanda kwa kutukana. Siku moja, wakati wa chai, akaipiga fimbo yake chini, watu wakanyamaza.

"Mimi nimemaliza," akasema. "Fimbo ilikuwa ya ndugu yangu, inatakiwa irudi kwa mwanawe. Lakini fimbo si kanzu, hairithiwi kwa kutosha mwilini. Mnaliona lile jiwe?"

Kila mtu alikuwa analiona. Kwenye shimo kubwa la Kom Tirsa lilikuwa limelala jiwe lililokuwa juu ya mlango wa hekalu, refu kuliko mashua ya mvuvi, limeanguka kifudifudi karne na karne zilizopita. Winchi isingeweza kufika. Kuta za tofali mbichi zilizozunguka shimo zingegeuka unga. Lilitakiwa kutoka kama lilivyoingia: kwa kamba, magogo na watu. Na Daktari Inshirah alikuwa anaomba usiku na mchana kwamba upande uliolala chini uwe na maandishi.

"Shazli atalitoa," Rais Qinawi akasema. "Akilitoa bila kuvunja jiwe wala mtu, fimbo ni yake. Akishindwa, ni ya Nubi. Nubi angalau ana sauti."

"Ami, mimi sijaomba," Nubi akasema.

"Nani kakuuliza?"

Tulifunga kamba. Safu mbili za watu, kulia na kushoto, njia ya mteremko imetandikwa magogo, na nyuma ya jiwe wapo wenye mitaimbo na kabari, ili kila jiwe likisogea wanalishindilia kabari lisirudi. Ufundi wote upo kwenye pumzi. Rais anaita, "Hela hela," watu wanajibu, "Hop," na kwenye ile hop ndipo kamba inavutwa, wote mara moja. Mmoja akiwahi, kamba inakwenda kombo. Mmoja akichelewa, jiwe linarudi, na jiwe halijui kuomba radhi.

Shazli akasimama mbele. Masharubu yamechanwa, kilemba kipya. Nawara alikuwa ameipiga pasi kanzu mpaka ingeweza kusimama yenyewe. Akavuta pumzi, akaita kwa sauti ya baba yake, "Hela hela."

"Hop." Jiwe likasogea.

"Hela hela."

"Hop." Likasogea tena. Mungu mkubwa, lilikuwa linatoka. Shazli akajisikia anarefuka.

"Hela hela."

Na mtu mmoja, kwenye safu ya kushoto, mpaka leo hajulikani na mpaka leo tunamjua wote, akajibu, "Kwaa."

Kicheko hakina breki. Kilianza kushoto, kikaruka kulia, mtu mzima mwenye wajukuu akaachia kamba ashike tumbo. Jiwe likalia krrr, likatambaa kurudi nyuma kabla kabari haijaingia, wenye mitaimbo wakaruka kila mmoja na upande wake, na lile dude likatua kwenye mchanga kwa kishindo kilichomwaga chai kule juu.

Kicheko kikakatika kama kimekatwa kwa kisu. Tukahesabiana kwa macho. Hakuna aliyeumia. Lakini mmoja wa wenye mitaimbo alikuwa amesimama anauangalia mguu wake, na kandambili yake ilikuwa chini ya jiwe.

Daktari Inshirah hakupandisha sauti. "Leo basi," akasema. Rais Qinawi kule juu akaangalia pembeni, akasema, "Kesho mara moja. Ikiwa hivi, Nubi ataita."

Shazli hakumgombeza mtu. Ingekuwa afadhali angegombeza.

Jioni alipanda juu ya paa akakaa kati ya majani makavu ya mahindi. Nawara alikuwa anawarudisha bata bandani. Mikate ya jua, ile tunayoiumua juani, ilikuwa bado imepangwa ukutani, imeumuka vizuri, na Asad alikuwa anaitia vidole mmoja mmoja.

"Nimesikia," Nawara akasema.

"Umesikia kwa nani?"

"Kundi langu lina habari kabla ya kundi lenu. Tuna wake wa pande zote mbili za kamba."

Shazli akashika kichwa. "Mama Asad, watu hawawezi kumtii mtu anayeitwa Bata. Nikiita, wao wanasikia kwaa. Hata nikipiga kelele ya moto wataleta mahindi ya kuwapa kuku. Angalau ningekuwa na sauti ya Nubi."

"Kwani tatizo ni sauti?"

"Tatizo ni kwamba wakinitazama wanataka kucheka, na mtu hawezi kucheka na kuvuta."

Nawara akaendelea na kazi yake. Alikuwa na bata mmoja mkaidi amebaki ukingoni mwa paa, anajifanya hasikii. Akamwita kwa ile sauti ya ulimi ambayo wanawake wa kwetu wanaijua, tak tak tak, na bata akageuka, akaja mbio anayumba, akaingia bandani kama mwenye nyumba.

"Ningemwita kwa sauti ya simba angekuja?" Nawara akauliza.

"Angeruka ukuta."

"Haya." Akafunga banda. "Na wewe, watu wako wanaitwa kwa sauti gani?"

Shazli akamtazama mkewe. Akamtazama mwanawe, mwenye unga mpaka puani. Akakaa pale mpaka chai ikapoa, na midomo yake ilikuwa inacheza cheza kama mtu anayehesabu, au anayetunga wimbo.

Kesho yake asubuhi safu zilijipanga kimya, aibu tupu. Hakuna aliyemwangalia mwenzake, maana ukimwangalia mwenzako utacheka, na ukicheka leo kuna mguu wa mtu. Tulikuwa tumefumba midomo mpaka mashavu yanauma. Hiyo ndiyo hali mbaya kuliko zote, kicheko kilichofungwa. Kinasubiri.

Shazli akasimama mbele. Hakukohoa, hakuweka sawa kilemba. Akaangalia safu ya kulia, akaangalia safu ya kushoto. Halafu akaita, kwa sauti ileile ya siku ya wageni, ile ya kiprofesa, polepole:

"Bata kaliona..."

Watu tukaganda. Nani angetegemea? Lakini sentensi ile kila mtu wa Qift anayo kwenye simu, anayo kichwani, watoto wanairukia kamba shuleni. Mdomo unajibu kabla akili haijaulizwa.

"Yai lake," tukajibu wote, na kwenye ile "yai" kicheko chote tulichokuwa tumekifungia kikatoka kwa mkupuo, kikashuka mabegani, kikaingia kwenye kamba. Jiwe likaruka. Naapa, liliruka. Mwenye kabari alibaki ameduwaa, ikabidi apigwe kiwiko ashindilie.

"Akalipenda..."

"Yai lake."

"Nani kalificha..."

"Yai lake."

Jiwe linapanda. Kicheko ni kimoja, pumzi ni moja, hakuna anayewahi, hakuna anayechelewa, maana huwezi kucheka kabla ya mwenzio kwenye utani ambao bado haujaisha. Shazli sasa kaanza kunogewa. Anarudi nyuma hatua kwa hatua, mikono hewani kama mwenye bendi.

"Nubi kalikaanga..."

"Yai lake."

"Bila hata chumvi..."

"Yai lake."

Nubi alikuwa wa kwanza kwenye kamba ya kushoto, machozi yanamtiririka, akapiga kelele, "Muongo huyu," lakini aliipiga kwenye pumzi, na kamba ikaenda.

"Goti la ami yangu..."

"Yai lake."

Kule juu Rais Qinawi akapaliwa na chai. Karibu na mwisho, pale mteremko unaposimama wima, kamba ya kushoto ikaanza kulia. Ule mlio kila mchimbaji anaujua, na ukiusikia mgongo unakuwa wa baridi. Jiwe likasita. Daktari Inshirah akaweka mkono mdomoni. Shazli akasogea mpaka karibu kabisa na jiwe, akashusha sauti, akawa kama anatusimulia siri:

"Mkwe kaniuliza..."

"Yai lake," tukanong'ona, na tukavuta kama tunanyonya.

"Nikamjibu, Haji..."

"Yai lake."

"Wanaendelea na..."

Hapo hakukuwa na yai tena. Watu wote, kulia, kushoto, wenye mitaimbo, wapika chai, na Daktari wa Kairo na shahada zake, wakamalizia: "mambo mengine." Na kwenye "mambo" jiwe lilivuka ukingo, likalala juu ya magogo, juani, kwa mara ya kwanza tangu enzi za watu ambao hata makaburi yao yameshaibiwa.

Tukaanguka chini kama nguo zilizodondoka kwenye kamba.

Kuligeuza kulichukua muda na mifuko ya mchanga, na wote tulijua tunachosubiri. Daktari akapiga magoti na brashi. Tukamzunguka. Kila mmoja anaomba kimoyomoyo: bata na jua, bata na jua. Ingekuwa tamu kiasi gani. Brashi ikapita. Ikapita tena. Akafika mwisho wa jiwe, akarudi mwanzo.

Hapakuwa na kitu. Alama za patasi tu. Fundi wa zamani alilisawazisha jiwe, akaenda kula, hakurudi.

Tuliumia kwa ajili ya Daktari, maana alikuwa ameuota upande ule. Akaegemea visigino vyake, akafuta jasho, akalitazama lile jiwe tupu. "Bata karuka," akasema.

Mimi sijawahi kuona watu waliochoka namna ile wakicheka namna ile.

Rais Qinawi alishuka mwenyewe, kwa goti lake, bila kubebwa. Katika miaka yote hiyo alikuwa mtu pekee Qift asiyewahi kulitamka lile jina, kwa heshima ya marehemu kaka yake. Akamfikia Shazli, akampa fimbo kwa mikono miwili.

"Shika," akasema. "Rais Bata."

Shazli akashika. Baadaye alimwambia Nawara kwamba alisubiri aibu imjie, kama inavyomjiaga, kuanzia masikioni. Akasubiri. Masikio yakabaki baridi. Akaangalia kama pengine imechelewa njiani, lakini watu walikuwa wameshaanza kupiga makofi, na Nubi alikuwa anataka kubebwa juu pamoja naye, akidai yai lililokaangwa lilikuwa wazo lake.

Siku hizi ukisema Rais Bata kachukua kazi fulani, wachimbaji wanagombania nafasi. Akisema simama, nzi anasimama. Wimbo umetoka Kom Tirsa, umekwenda Sakara, umekwenda Delta. Kuna vikosi vinauimba ambavyo havijui hata Shazli ni nani. Mwezi uliopita mwanafunzi mmoja kutoka ng'ambo, kijana mpole mwenye kofia kubwa, alimfuata Nubi akamuuliza kwa adabu kama wimbo ule wa bata ni wa zamani.

Nubi akaangalia mto. Akaangalia milima. Akaweka mkono kifuani.

"Sana," akasema.

Rais Bata alimkuta yule kijana baadaye akamweleza ukweli wote, mwanzo mpaka mwisho, na video akamwonyesha. Kijana akacheka mpaka kofia ikaanguka. Halafu akaomba stika.

Asad sasa anasoma darasa la kwanza. Mwalimu alipomuuliza baba yako anaitwa nani, alisimama wima akasema, "Rais Bata," na mtoto wa kwanza aliyecheka alifundishwa wimbo wakati wa mapumziko.

Haya, zamu yako. Najua unalo jina ambalo mama yako hakukupa, lile wanalokuita wenzako wa shule ukiwa umevaa suti, mbele ya watu wa kazini. Tupe hapo chini: unaitwa nani, nani alikubatiza, na ulisema upuuzi gani siku hiyo. Rais Bata mwenyewe anasoma kila maoni. Anasoma polepole, kwa kidole, na sasa hivi akikwama, anauliza kwanza.